Maombi ya Kumwombea Mama Mapacha

Jumatano, 4 Machi

Ibada ya nyumba kwa nyumba leo ilikuwa kwa Mama Maombi. Jina lake la ubatizo tumeshalisahau; huyu mama akianza kuomba, chai inapoa na watoto wanasinzia. Tukafumba macho. Akamkumbuka mbele za Mungu "dada mmoja anayefundisha watoto wetu, ambaye shetani amemwingiza gesti, akatoka chumbani na mwanamume."

Hakumtaja jina. Wala hakuna haja. Anayefundisha Shule ya Jumapili ni mmoja — Mama Mapacha, mjane, msaidizi wangu wa kushona. Anashona vizuri kuliko mimi. Wateja huniambia hivyo usoni.

Gesti! Mimi ndiye niliyemtuma, akapime madirisha ya kushonea mapazia. Meneja akamfungulia chumba kimoja kimoja. Basi, ndiyo zinaa yenyewe. Aliyemwona, futi ya kupimia shingoni hakuiona.

Watu wakaitikia Amina. Na mimi. Besi yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

Alhamisi, 5 Machi

Sababu za kunyamaza ninazo, tena nzuri. Gesti ile ina baa. Katibu wa kanisa akisikia fundi wa majoho ya kwaya anashonea baa, majoho yatahamia kwa fundi mwingine. Nimemweleza mke wangu hekima hiyo yote. Akaendelea kukunja nguo.

"Kumbe hofu nayo ukiipiga upindo inapendeza, baba."

Miaka yote hii napiga upindo, sikutegemea kupigwa nao.

Mama Mapacha kaja kazini kama kawaida.

"Fundi, nasikia jana mliniombea."

"Kidogo tu."

"Mkiniombea tena, tajeni na vipimo. Dirisha la juu limezidi upana, Mungu asije akakata kitambaa kifupi."

Akainamia mashine. Hakucheka.

Ijumaa, 6 Machi

Katibu kapita kujaribu joho lake. Tumbo limeongezeka, nikasema joho ndilo lililopungua. Halafu nikajikakamua. Mzee, eti sisi Wakristo, mwenzetu akisingiziwa tufanyeje?

"Tunamwombea."

"Na kumwuliza mwenyewe?"

"Kumwuliza ni kumhukumu, ndugu yangu. Sisi hatuhukumu."

Kayasema hayo huku Mama Mapacha yuko palepale, anatia uzi kwenye sindano. Hata salamu hakumpa. Akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya chini inayosikika mpaka barabarani, kwamba Jumapili wazee watakaa wamwondoe kwa watoto. "Apumzike."

Watakatifu hawa! Jiwe hawarushi, mikono isichafuke. Wanamwombea mtu mpaka hana pa kuweka uso. Bwana wao mwenyewe alisingiziwa, na waliomsingizia hawakutoka baa. Walitoka ibadani.

Nasema "wao". Ile besi ilikuwa ya nani?

Jumapili, 8 Machi

Kikao cha wazee baada ya ibada, na waumini tumeruhusiwa kuingia. Nikanyoosha mkono. Katibu akasema tuombe kwanza, maneno baadaye. Hayo maneno ya baadaye nayajua, hayafikagi.

Tukafumba macho. Mama Maombi akavuta pumzi — nikamtangulia. Kwetu anayeomba hakatizwi. Tutavunja amri zote kumi, hiyo hatuivunji.

Ee Bwana, nikasema, wajua ni mimi niliyemtuma mtumishi wako gesti akapime madirisha. Wajua niliitikia Amina nikiogopea majoho. Wajua humu ndani hakuna hata mmoja aliyemwuliza. Nikaendelea. Nikamsomea Mungu urefu na upana. Katibu akakohoa, nikakiombea na kikohozi chake.

Nikasema Amina. Peke yangu.

Mchungaji akatazama viatu vyake, akaahirisha kikao ili "tutafakari". Mama Mapacha alikuwa chumba cha pili na watoto, hajui kama ni mara ya mwisho. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Nikaenda.

"Umesema yote?"

"Mpaka upana."

"Na dirisha la juu?"

"Nimelisahau."

"Ndiyo maana nakuwaga napima mimi," akasema, akawageukia watoto wake.

Jumatatu, 9 Machi

Majoho yamechukuliwa asubuhi. Mengine hayana hata vifungo. Wataimba wameyashikilia kwa mkono.

Sasa hivi jioni wamekuja, Katibu na Mama Maombi. Wamekaa chumba cha mbele, kwenye benchi la wateja. Mimi niko huku chumbani. Nimesema natafuta shati. Mke wangu kaingia, kafunga mlango.

"Baba, wanasema siku hizi unashinda baa. Wamekuja kukuombea."

"Wameniuliza?"

"Wakuulize, wakuhukumu?"

Huko mbele Mama Mapacha anamalizia mapazia ya gesti. Namsikia Katibu anamwomba asimamishe kidogo, tufumbe macho. Sasa anamwomba tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Mashine haijasimama. Shati nimelipata zamani.