Bakuli la Loshoro

Jumanne, Julai. Nyumbani, mtaa wa Sakina.

Baridi tangu alfajiri, ukungu umeufunika Mlima Meru wote, na sina hamu ya kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikilinda mdomo wa Baba. Figo zake hazifanyi kazi, kwa hiyo mara nne kwa siku namwekea maji ya dawa tumboni kwa mpira, yakishasafisha damu nayatoa. Hilo nililizoea. Kilichonitesa ni kumnyima. Maji ya kunywa nampimia kwa kikombe cha chai. Ndizi marufuku, maziwa mgando marufuku, maana figo zikifa vyakula hivyo vinageuka sumu. Na Baba ni Mmeru, amekulia loshoro, yaani mahindi na ndizi kwa hayo hayo maziwa mgando.

Mwaka jana shangazi alimletea loshoro kwa siri. Nililimwaga mbele yao wote wawili. Baba aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo shangazi ananiita askari magereza, na simlaumu.

Leo nesi wa tiba shufaa, anayekuja kumpunguzia maumivu, aliniita uani. Akasema mwili umechoka, maji ya dawa hayamsaidii tena. Tumwekee mara moja tu kwa siku, ili apumue bila shida. Nikauliza kuhusu chakula. Akasema nimpe chochote anachotamani.

Nikamwambia asante. Asante ya nini, sijui.

Kaka yangu aliyeko Dodoma akasisitiza kwenye simu kwamba Baba asiambiwe kitu. Nilikubali haraka, kwa woga tu, nisijisingizie huruma. Kisha nikaenda kununua ndizi na maziwa. Nilitaka angalau afurahi.

Mchana nikamwekea bakuli limejaa. Alilitazama muda mrefu bila kushika kijiko.

"Nesi ndiye karuhusu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na uongo wangu tayari, nimeupanga tangu jikoni.

"Basi nimeelewa, mwanangu."

Akala vijiko vitatu, akasema limeiva vizuri, akalala. Mimi nikaosha vyombo huku nalia, nimefungulia bomba asinisikie.

Kaka atakasirika, na akasirike. Kesho asubuhi nitakaa kitandani kwa Baba nimwambie yote kwa mdomo wangu.

Hakustahili kuambiwa na bakuli.