Dada, Nani Amemwaga Rangi kwenye Baraza Lako?

Dada yangu Zuhura,

Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, nilipita kwako Rwezamenyo, nikamkuta mumeo amepiga magoti anasugua sakafu. Nikasimama mlangoni nimtazame vizuri. Shabani huyu huyu, ambaye miaka yote ya ndoa yenu hakuwahi kushika hata fagio! Mwanaume asiyejua ndoo inakaa wapi akianza kusugua bila kuambiwa, ujue kuna jambo.

Lilikuwa lile baraza lako la nyuma, la sima ya nakshi, saruji yenye maua. Unakumbuka siku mafundi walipolimwaga? Ulibishana nao mpaka wakakuchanganyia ile rangi ya tofali uliyoitaka, kisha wakagandamiza vibao vya maua juu ya sima mbichi, na sisi tumesimama pembeni kama wakaguzi. Ukakataza mtu kukanyaga. Mama mkwe wako alipofika ukampitisha mlango wa jikoni, akalalamika mpaka ukoo mzima ukasikia. "Mama atanisamehe," ulisema, "sima haisamehe." Tulicheka siku ile, dada.

Sasa lina matone. Rangi ya mbao, kahawia iliyokolea, imedondoka kutoka mlango wa chumbani mpaka bombani. Pale Shabani aliposugua kwa javeli, ile ya kufulia nguo nyeupe, matone hayakutoka, ila wekundu wako ndio umepauka. Iliniuma sana.

"Shemeji, ulikuwa unapaka nini?"

"Kiti tu."

Nikaenda kukitazama hicho kiti. Miguu yake imebambuka vilevile kama zamani. Unanijua, mimi nikishashuku siulizi haraka.

Nikamnyang'anya brashi, nikaenda dukani kununua tapentini. Kwanza niliijaribu kwenye kona, nione kama haitakula rangi ya sima. Kisha nikaichanganya na unga wa muhogo mpaka ikawa uji mzito, nikaubandika juu ya kila tone. Uji huo hunyonya rangi polepole bila kusugua, lakini lazima ufunikwe, la sivyo tapentini inakauka kabla haijafanya kazi. Nifunike na nini? Mfuko wa nailoni hapa Kigali utautoa wapi, na mifuko hiyo ilishapigwa marufuku?

"Shemeji, huna hata kipande cha nailoni humu ndani?"

Akaingia chumbani bila kufikiri, akarudi nayo. Ilikuwa pana, mpya, inanuka duka. Nikaikunjua, ikazidi kukunjuka. Ilikuwa imevuliwa kwenye godoro la watu wawili.

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeinamisha macho.

Kumbe kilichopakwa rangi ni kitanda chako.

"Godoro la nani, Shabani?"

"Shemeji, usikasirike. Ni la Salima."

Salima jirani, yule aliyekuletea uji ulipokuwa mgonjwa! Hapo nikaanza kuyapekua ya nyuma yote. Uji ule alikuwa analetewa nani hasa? Mbona aliingia jikoni kwako akachota chumvi bila kuuliza inakaa wapi? Mbona kwenye msiba alilia kuliko mimi niliyezaliwa nawe? Nikamuuliza mumeo waziwazi kama walianza ukiwa hai.

"Oya, hapana, wallahi!" akasema. "Iko dada yako mwenyewe alisema. Alisema nisibaki peke yangu, akamtaja Salima. Na mimi bila wewe kukubali siendi kwao kuposa."

Mjanja, nikawaza. Amemchagua shahidi asiyeweza kuitwa. Lakini nikakumbuka jinsi siku zile za mwisho ulivyokuwa ukinituma machungwa kila Shabani akiingia, na nikirudi nawakuta mmenyamaza. Nilidhani ni mambo ya hospitali. Hata hivyo sikumwamini.

"Alisemaje? Nataka maneno yake."

Akajikuna kichwa. "Alisema, 'Mdogo wangu atakushuku mpaka na kivuli chako. Usibishane naye, wala usimbembeleze. Muache anune, halafu mpe chai ya tangawizi. Akiinywa, ujue amekubali.'"

Nikakaa chini. Shabani hawezi kutunga maneno hayo hata umpe mwaka mzima. Huo ni mdomo wako. Nililia pale barazani katikati ya harufu ya tapentini, naye akakaa mbali, hanibembelezi, kama ulivyomwagiza.

Kesho yake tuliubandua ule unga. Matone yametoka. Palipopigwa javeli patabaki peupe, hapana dawa.

Afadhali mumeo angekuwa mwongo, dada. Mwongo ningejua jinsi ya kumchukia, ningeondoka nikafunga mlango, yakaisha. Lakini ni wewe. Ulikaa na maumivu yako ukampangia Shabani atakayelala naye, ukampangia hata chai ya kunituliza mimi, na mimi ukanituma machungwa. Ningekaa nawe. Ningekataa mbele yako, tungegombana kidogo, ungeshinda kama kawaida, nami ningekuwa nimekuaga.

Chai aliileta. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Nimeinywa yote, na Ijumaa nitakwenda naye kwa wazee wa Salima, kule Kabuga, kusema nilichotakiwa kusema.

Pumzika, Zuhura. Yeye nimemsamehe. Wewe bado nimekununia.

Mdogo wako