Mnyororo wa Baiskeli ya Leodegari

Songea, Machi 1993

Dada Ekaristia,

Shikamoo. Nakusihi, haya yabaki kwako. Hata shemeji asiyasikie.

Mvua hazikatiki huku. Mchumba wangu Leodegari huniambia kila Jumanne anashinda ofisini. Lakini juzi nikiisafisha baiskeli yake nilikuta mnyororo umeshika kutu, breki zimejaa matope, grisi yote imesombwa na maji. Nikamtania, "Umepata mwanamke wa mbali, wewe!"

Akacheka. "Na matope haya, nani angenipokea?" Kisha akaanza kulia. Akaniambia kila Jumanne anakwenda hospitali, Peramiho. Vibasi vipo tele siku hizi, ila humo watu wanafahamiana. Kwa baiskeli, kwenye mvua, hakuna wa kumuuliza aendako. Wamempima. Ni ukimwi.

Dada, bora angekuwa na mwanamke.

Jana alifunga mnyororo mpya. Madukani sasa kila kitu kipo. Nasi hatukungojea ndoa, naogopa. Niulizie hospitali ya huko Mbesa kama wanapima, mahali nisipojulikana.

Usitumie sanduku la posta la ofisini kwa Leodegari. Andika kwa jina la Mama Devota, jirani yangu hapa Mjimwema, kupitia parokia. Hajui kusoma, barua zake zote huniletea mimi. Nitajua la kumsomea.

Mdogo wako,
Walburga