Mwaka Mmoja Bila Mwenye Penseli

Baba watoto, leo umetimia mwaka mzima tangu ulipotuaga asubuhi, penseli sikioni, ukaenda kazini kwako zahanati na hukurudi tena kwa miguu yako.

Watoto wamenituma niandike kwa niaba ya familia, na wameniomba niseme "sisi". Nitasema "sisi" mwishoni. Hapa katikati ni mimi mkeo, na unanijua nilivyo na wivu.

Ulikuwa muuguzi mwenye mkono mwepesi. Ulichoma sindano, mtoto akageuka kuuliza kama bado. Lakini foleni ilirefuka kwa sababu yako, maana mgonjwa hakuulizwa homa kabla hajaulizwa jina la ukoo, na babu yake alizaliwa wapi, na jina hilo walilipata kwa nani. Wenzako wakakuita Bwana Ukoo. Kuna mgonjwa alilalamika kwamba alikuja na kikohozi akaondoka na binamu. Na binamu huyo tuko naye mpaka leo.

Vitabu vyako vilikalia viti vyote vya nyumba hii. Mgeni akija, ananyanyua kwanza ndipo akae. Kila asubuhi uliandika daftari lako kabla ya chai, chai ikapoa, nami nikaipasha. Jumamosi ulishinda makaburini ukisoma majina, ukarudi na vumbi magotini, umefurahi kama mtu aliyetoka harusini.

Na kulikuwa na yule mwanamke. Mama wa babu yako, ambaye ukoo mzima hakuna aliyelijua jina lake. Miaka kumi na moja ulimtafuta. Ukila, unamtaja. Ukiugua, unamtaja. Mimi nilimwita mke mwenzangu, watoto wakacheka, wewe ukacheka, mimi sikucheka sana. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miaka kumi na moja na hakushika hata ufagio.

Katika kile kitabu kikubwa cha ukoo ulikuwa na sheria yako: waliokufa kwa wino, walio hai kwa penseli. Roho iliniuma. Nikakuambia nami niandikwe kwa wino, kwani mimi ni wa kupita? Ukaniangalia juu ya miwani ukasema, "Mama watoto, hao wamekwisha. Wewe bado nakuandika." Nilinuna siku mbili.

Ulipoondoka nilivaa miwani yako nikasoma madaftari yote, arobaini na moja, nikitafuta nani katajwa zaidi. Yeye yumo karibu kila ukurasa. Mimi nimo nikiwa nimenuna. "Mama watoto kanuna leo," basi, halafu unarudi kwake. Jamani, na mtu asione wivu?

Ndiyo maana mwaka huu wote jina lako limebaki kwa penseli. Wifi, dada yako mkubwa, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote, alikuja mara tatu kuomba kitabu akutie wino, kipelekwe kwa fundi wa kujalidi vitabu kabla ya leo. Mara tatu nilimpa chai nikamnyima kitabu. Niliona siku utakapotiwa wino utakuwa wa kwao, ukae huko na yule bibi, nami nibaki kwenye penseli peke yangu. Nikutoe kwa mkono wangu mwenyewe? Thubutu. Wifi hakukasirika. Aliuliza tu, "Wifi yangu, huo ukurasa wenu umeufungua lakini?"

Sikuwa nimeufungua. Nilisoma madaftari yote, kitabu kile nikakiogopa. Juzi ndipo nikakitoa kabatini. Yule bibi ana mstari mmoja: "Mama wa babu. Jina halijulikani." Wino mweusi, basi. Lakini kwenye ukurasa wetu, pale penye jina langu, karatasi imesuguliwa kwa kifutio mpaka ukiiinua unaona mwanga. Kila mwaka ulifuta ukaandika upya. Yaliyofutwa bado yanasomeka kwa shida: fundi cherehani, anazidisha chumvi, ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Na mstari wa mwisho, ambao hukuufuta: "Zamani aliimba akishona. Siku hizi haimbi. Aulizwe."

"Aulizwe" ndilo neno uliloandika pembeni ya wazee wote uliotaka kwenda kuwahoji. Ulisafiri siku nzima kwenda kuhoji watu. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nililia kwa hasira, nasema kweli, halafu nikalia tu.

Jibu lako ni hili. Siku moja uliinua kidole ninyamaze kwa sababu ulikuwa unasoma. Nikanyamaza. Nikangoja uniambie niendelee, na hukusema, na mimi sikuuliza.

Leo asubuhi wifi amenishikia kitabu kisitikisike, nimekutia wino. Jina lako, jina la ukoo, tarehe zote mbili. Mwandiko umepinda, utavumilia. Na huko uliko, mwambie mke mwenzangu akutajie jina lake sasa, kisha arudi kwenye mstari wake. Lakini pale ulipoandika "mume wa" na kunitaja mimi, nimepaacha na penseli yako. Wifi ameuliza mbona sijamaliza. Nimemwambia hapo bado tunaandika.

Unakumbukwa na mkeo, anayeimba akishona, na asikie atakayesikia. Na dada yako mkubwa. Na binti yako mwalimu na mwanao fundi umeme. Na wajukuu zako wanne, wote kwa penseli. Na wauguzi wenzako. Na binamu wa kikohozi.

Haya, sasa nasema "sisi". Sisi hatutakusahau, baba watoto, wala hatutakufuta.