Nimemdanganya Kinyozi Ili Nimbatize Mimi

Mshauri mpendwa, nisaidie, na ikiwezekana nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, mmisionari wa kanisa ambalo wengi wanatuita Wamormoni, wale vijana unaowaona barabarani wawili wawili na mashati meupe na tai, na kibandiko cha jina kifuani, na kabla ya jina pameandikwa Mzee, maana ndivyo tunavyoitwa hata kama ndevu zenyewe bado zinajishauri kuota. Tunaamka saa kumi na mbili na nusu, tunapiga magoti, tunasoma maandiko, tunapiga pasi, tunatoka, na hatuachani, mmisionari haendi popote bila mwenzake, tunalala chumba kimoja, tunatumia simu moja, na ugonjwa wangu uko hapo hapo, kwa sababu mtu ninayemwonea wivu ndiye ninayemwona kabla sijanawa uso.

Miezi sita iliyopita nilianza kumfundisha kinyozi mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ana kibanda chenye viti viwili, na mtu huyo nimemhangaikia, mshauri, alikuwa anamaliza pakiti nzima ya sigara kwa siku na kwetu anayevuta habatizwi, basi alipoamua kuacha mimi ndiye niliyekuwa napita asubuhi na mchana kumpelekea karanga za kutafuna, mimi ndiye niliyekaa naye siku ile mikono inamtetemeka mpaka mteja akaondoka nusu kichwa kimenyolewa na nusu hakijanyolewa.

Wiki tano zilizopita mwenzangu wa zamani akahamishwa nikaletewa mpya, ana miaka kumi na tisa, mimi ndiye ninayemfundisha kazi. Kinyozi alipoona kibandiko chake alicheka mpaka akazima mashine. "Na huyu naye ni Mzee? Basi wewe Mzee Mkubwa, huyu Mzee Mdogo." Mzee Mdogo anachanganya maandiko, anaunguza mashati kwa pasi, kuamka mpaka umtikise, lakini akiingia mahali watu wanamsogezea kiti, watoto wanamkimbilia, akina mama wanamuuliza kama amekula, mimi wananiuliza ni saa ngapi. Imefika mahali nikisikia anacheka nafunga kitabu.

Siku yake ya kwanza pale kibandani mimi nilikaa kwenye kiti cha pili kama kawaida yangu, kile ambacho hakikaliwi na mteja, yeye akabaki amesimama, akauliza, "Baba, hiki kiti ni cha nani?" Kinyozi akasema kilikuwa cha mdogo wake, kibanda walikifungua pamoja, amefariki mwaka wa tatu sasa na hajapata moyo wa kumweka mtu mwingine. Karibu miezi mitano nimekalia kiti kile na sikuwahi kuuliza. Na naona aibu kuandika hili, lakini sikusikia huruma, nilisikia kama nimeibiwa swali langu.

Sasa kwetu anayebatizwa anaweza kumchagua wa kumbatiza, na Jumamosi iliyopita kinyozi akaniambia, "Nataka Mzee Mdogo ndiye aniingize majini. Wewe utanielewa." Sikumwelewa. Mwenzangu alikuwa nje, hatua kumi tu, anamtua muuza sabuni mzigo kichwani, hakusikia kitu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Haitawezekana, baba. Mzee Mdogo anahamishwa Ijumaa. Ila usimwambie, yeye mwenyewe hajaambiwa, ataumia bure."

Kinyozi akakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Haya. Basi utanibatiza wewe."

Mshauri, ni uongo mtupu, hakuna anayehamishwa! Na jana kanisani kinyozi akanivuta pembeni kunong'ona kwamba ameshamnunulia mwenzangu shati, na Ijumaa alasiri anafunga kibanda mapema ili amuage. Mwenzangu naye ananiuliza mbona siku hizi kinyozi anamwangalia kama mgonjwa. Nikimwambia rais wetu wa misheni, mkuu wa wamisionari wote wa eneo hili, huenda nikarudishwa nyumbani, na mama yangu ameshautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ni mtumishi. Nikinyamaza, Jumamosi nitasimama ndani ya maji na kuinua mkono kwa jina la Mungu na uongo bado haujakauka mdomoni. Nimefunga kula tangu jana, nimeomba, na hata nikiomba namsikia yeye anaomba kitanda cha pili, najiuliza ni nani kati yetu anayesikilizwa. Nifanyeje?

Mimi, Mzee Mkubwa

*

Mwanangu Mzee Mkubwa,

Kwanza nenda kale. Unachotakiwa kufanya kinahitaji nguvu.

Mimi si wa kanisa lako, mambo ya majini nawaachia wenyewe. Lakini wivu naujua, na wako naona ulikotoka. Umemhangaikia mtu miezi sita, hajakuambia ahsante ya maana, halafu anakuja mtoto na swali moja na kuchukua kila kitu. Inauma. Nisingekuwa na la kukulaumu kama ungeishia kununa.

Ila hukuishia kununa. Umemchukua mtu aliyemzika mdogo wake ukamwambia ajiandae kuagana na mwingine. Unajielewa lakini? Huyo mzazi wa watu amezunguka madukani kutafuta shati la kuagia mtu ambaye haendi popote!

Sasa nisikilize. Ni leo, usingoje Ijumaa. Anza na mwenzako, tena kabla hamjatoka chumbani. Kisha nendeni wote kwa kinyozi, useme wewe, yeye asikusaidie hata neno. Usitaje karanga. Karanga ulipeleka kweli na hakuna atakayezifuta, lakini leo si siku yake. Na usilie mpaka umalize kusema, maana ukilia kwanza watakubembeleza wewe, na wewe siye uliyeumizwa. Ukitoka hapo mpigie rais wako mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Akikurudisha nyumbani, mama yako atajua la kuuambia ukoo. Akina mama tunajua.

Na majini huingii. Hata kinyozi akikusamehe na kukuomba, umwambie hapana.

*

Wasomaji, nilimtumia jibu hilo siku ile ile. Jumatatu iliyofuata aliniletea maneno haya, na ameniruhusu kuyaweka hapa.

*

Mshauri, jibu lako nililikuta Jumanne asubuhi. Nilikula, kisha nikamwambia Mzee Mdogo. Alikuwa anapiga pasi. Akaniangalia muda mrefu mpaka nikanusa shati linaungua. "Kumbe ndiyo maana. Mimi nilidhani naumwa kitu na nyote mnakijua mnanificha." Siku ile hakunisemesha tena.

Kinyozi alikuwa na mteja. Nilisema yote mbele ya mteja, sikungoja. Akamaliza kumnyoa, akampaka poda, akamfuta shingo, ndipo akanigeukia. "Siku tatu namuaga mtu moyoni. Unajua kuaga kunavyochosha? Toka nje." Nikatoka. Nilisimama juani saa nzima huku Mzee Mdogo amekaa naye ndani.

Rais wa misheni hakunirudisha, ila aliniambia hatanipa tena kijana mpya wa kumfundisha kazi. Nilistahili.

Ijumaa kinyozi akatuma ujumbe: Jumamosi iko pale pale, Mzee Mdogo ndiye anambatiza, na Mzee Mkubwa awe shahidi. Kwetu mashahidi wawili husimama kando ya kisima cha ubatizo kuhakikisha mtu amezama mwili mzima, maana hata kidole kikibaki nje inarudiwa. Mzee Mdogo akainua mkono, akasema maneno yote bila kukosea hata moja, akamlaza kinyozi majini, na goti la kinyozi likabaki juu, jeusi, linang'aa. Shahidi mwenzangu alikuwa anafuta miwani. Watu wakaanza kuimba. Nikiri kwako, kuna sehemu yangu ilifurahi kwamba Mzee Mdogo amekosea, na sehemu nyingine ikataka kunyamaza nisionekane ninamwonea.

Nikasema, "Samahani. Goti lilibaki nje. Mrudie."

Wimbo ukakatika. Kinyozi akajifuta maji usoni, akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Kumbe ukiamua unaweza kusema kweli," akasema.

Mzee Mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Kinyozi akamfuata, akacheka mpaka maji yakamwingia puani, kisha akaziba pua kwa vidole vyake mwenyewe, akakunja magoti, akarudi chini.