Simu Yangu Iko kwa Shangazi wa Bibi Harusi

Gisenyi, Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na lile goti la kushoto limepunguza kelele zake. Mi huku mzima, nakula, nalala kidogo. Na kabla hujamtangazia mtu yeyote hapo Ngara: yule mwanamke aliyepokea simu yangu juzi si mkwe wako. Usinunue kitenge. Ana wajukuu, na mume wake ni askari mstaafu mwenye mikono kama makasia.

Ningeazima simu ya mtu nikupigie, lakini namba yako iko ndani ya ile yangu, kichwani sina. Ndiyo maana nimenunua karatasi, na Bwana Tito, dereva wa lori anayepita huko kesho, amekubali kukuletea. Sasa kaa vizuri nikueleze.

Unajua mwanao siku hizi nina ukurasa mtandaoni. Unaitwa Deo Mshonaji wa Kimataifa. Usicheke. Nashonea watu wa Gisenyi na watu wa Goma, hizo ni nchi mbili, donc ni kimataifa. Nguo ikitoka kwenye cherehani naivisha sanamu, naisimamisha mlangoni mwanga unapoingia vizuri, napiga picha, naiposti. Wafuasi wangu wamezidi waumini wa parokia yenu, ila padri asiambiwe. Mafundi wenzangu walinicheka eti siku hizi nashona kwa kidole. Niliwajibu kwamba wao wanangoja mteja apite mlangoni, mi mlango wangu uko mfukoni mwa kila mtu.

Bon, wiki iliyopita akaniandikia mama mmoja wa Kigali mwenye karakana kubwa ya mavazi ya harusi. Anatafuta fundi mkuu wa kukata. Amezipenda picha zangu, ila anaona ni za zamani. Nimwonyeshe kazi mpya ndipo aamue. Mama, mi nashonea kwenye kibaraza cha duka la mtu, mvua ikija nahama na cherehani. Ule ujumbe niliusoma nimesimama, nikausoma nimeketi, nikaenda nao mpaka ufukweni nikausoma tena.

Na kazi mpya nilikuwa nayo, tena nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Zilikuwa nguo za wapambe wa bibi harusi mmoja wa hapa, harusi ni Jumamosi hii. Huku nguo za wapambe haonyeshwi mtu mpaka waingie wamejipanga na watu wapige vigelegele. Nilikuwa nimebuni mikono iliyokunjwa kama majani machanga ya mgomba yanayofunguka. Nikajiambia nitaweka picha moja, ya mkono mmoja, na uso wa sanamu sitauonyesha. Kama vile sanamu ndiyo yenye siri.

Kulipokucha, fundi mmoja wa Goma, mfuasi wangu mwaminifu, alikuwa anautangaza mkono uleule kwa wateja wake. Mchana wake shangazi wa bibi harusi akaonyeshwa picha hiyo sokoni. Akaja. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alivuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono.

"Lete simu."

Nikamwuliza ya nini.

"Iko inaongea sana. Itakaa kwangu mpaka samedi. We shona."

Samedi ndiyo Jumamosi. Nikampa, Mama. Msichana wa watu alikuwa nyumbani analia, ningebishana vipi? Nikaahidi kuibomoa mikono yote na kushona mingine ambayo yule wa Goma hata akiiota, ataamka amechoka.

Tangu hapo sijatulia. Mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Nakanyaga cherehani, nagundua uzi uliisha zamani. Jana nimetembea mpaka mpakani bila shughuli yoyote, askari akaniuliza navuka au sivuki, nikageuka nikarudi kwenye cherehani. Nawaza yule mama wa Kigali ananiandikia, anaona kimya, anamwandikia mwingine. Wenye sindano ni wengi, na mtandaoni hakuna anayemsubiri mtu.

Leo asubuhi shangazi amekuja kuikagua mikono mipya. Akaigeuza ndani nje, akauvuta mshono kwa kucha. Halafu akasema, kama mtu anayeulizia viazi, kwamba mama wa Kigali alipiga.

Cherehani ikasimama. Nikamwuliza alimwambia nini.

"Ukweli. Nilimwambia we uko na mudomo murefu, lakini mushono yako haifungukaki. Akauliza ninakujua tangu lini. Nikasema mi ninamujua juzi juzi tu, lakini niliongea na mama yake."

Kumbe Mama juzi ulipopiga mlizungumza! Ukamweleza kwamba nilipokuwa mdogo nilikata pazia lako la sebuleni nikamshonea Kaka Fidelis suruali, akaivaa mpaka ikamwia fupi. Naye pazia hilo amelifikisha Kigali, zima, na maua yake.

Anasema yule mama alicheka sana, kisha akauliza harusi ni wapi. Anakuja. Jumamosi atakaa na wageni azione nguo zangu zikicheza miilini mwa watu. Nikaomba simu niandike japo asante. Shangazi akaisukuma ndani zaidi ya fundo la kitenge chake. Nikaomba basi namba yako, maana mmeshapeana. Akaniambia nishone.

Donc nimekaa hapa, mikono ya wasichana wawili bado haijaungwa, na kila dakika nainuka kutazama barabara kana kwamba Jumamosi inakuja kwa miguu. Nikiipata kazi hiyo nitakuwa Kigali, karibu na wewe, na pazia nitakulipa kwa la hariri. Nikiikosa, wapambe wa yule bibi harusi bado watapigiwa vigelegele. Hilo nimeliapia kwa cherehani.

Nisalimie Kaka Fidelis mvaa pazia. Nisalimie Shangazi Perpetua aliyeniachia mkasi wake wa kwanza, na Mama Rehema jirani anayekuchajia simu.

Na Mama, simu yako iwe na chaji. Yule mama wa Kigali amepewa namba yako. Akikupigia, habari za pazia mweleze upendavyo. Ile suruali niliyomshonea katekista ikafunguka mbele ya waumini, niachie mimi, nitamweleza nikishaajiriwa.

Mwanao asiyetulia,
Deo