Matofali ya Dada

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimeshona sketi nne za shule. Taya la kushoto linauma tangu asubuhi, shingo nayo imekakamaa. Nimekunywa uji tu. Mama anasema ni jino. Migori nzima inasema ni jino.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeng'olewa gego la pili pale sokoni; la kwanza lilitoka juzi. Lilikuwa zima, nimeliona kwa macho yangu. Maumivu yako palepale. Mama, ambaye wazee walimng'oa meno sita ya chini kwa mila, ananitania: "Nyara, binti yangu, sisi tulitolewa siku moja tukamaliza. Wewe unatoa kwa mafungu?" Nikacheka, nikajuta. Kucheka kunauma.

Jumatano, 12 Machi
Acha niandike tu. Naogopa. Dada Achieng' alianza hivihivi, taya kwanza, kisha uvimbe. Mwezi wa sita mwaka jana tukamzika. Cherehani hii ni yake, pini ni zake, nazibana menoni kama yeye. Labda na ugonjwa nimeurithi. Kutwa najipapasa shingo. Nimechoka.

Jumanne, 18 Machi
Homa Bay, hospitalini. Foleni tangu saa moja, nimeonwa saa nane. Daktari ni mama mnene asiye na haraka. Amenipapasa kote. Hakuna uvimbe. Akauliza kazi yangu, kisha: "Hebu shona nikuone." Nishone nini, na cherehani hakuna? Nikashona hewa, naona aibu. Akanishika taya.

"Hauna pini mdomoni, mama, lakini umeuma meno hivyo. Na mabega yamepanda mpaka masikio. Kwani hiyo cherehani yako iko juu ya mti?"

Iko juu ya matofali. Dada alikuwa mrefu, magoti hayakuingia, akaiinua. Mimi nilikuwa namfikia begani. Miezi tisa sijayagusa, kwa sababu aliyaweka yeye.

Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Sifi, ni misuli tu. Lakini magego yangu mawili yamekwenda bure, na hasira ninayo.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeyatoa. Manne, moja kila mguu. Mama aliinua, mimi nikavuta. Sakafu yalipokaa bado ina rangi yake nyekundu. Pini nimezichoma kwenye kitambaa, si mdomoni. Shingo inauma bado, kidogo. Mama aliuliza tuyatupe wapi. Nikamwambia yakae. Ameyapanga mlangoni, ameyakalia, anachambua dagaa wa omena.

Cherehani sasa inanitosha. Sikutaka initoshe.